Bunduki ya Kibara na Jino Lililopigwa Tupa

Tangazo la kifo chake lilisomwa redioni mchana, kati ya tangazo la mkutano wa wakulima wa pamba na lile la ng'ombe waliopotea. Nilikuwa barazani kwangu hapa Butiama, gazeti likiwa magotini. Sikushika kichwa, wala sikumwita mke wangu aje asikie. Nilisikiliza jina lote, pamoja na vyeo vyake vyote, nisije nikamsingizia kifo mtu mwingine. Alikuwa yeye. Wasomaji wa safu hii wanajua desturi yangu: hapa sitaji jina la mtu, awe hai au awe amefariki. Leo desturi hiyo inanikera kama kiatu kipya, lakini nitaitii. Wenyeji wa Bunda na Kibara watamtambua kabla hawajafika aya ya tatu, na msomaji wa kwingineko atosheke na kazi zake.

Nilikwenda kumzika. Nilivaa koti langu la kazi, lile nililostaafu nalo, nikakaa chini ya turubai pale kwake Manyamanyama pamoja na watu wengine wazima. Msoma wasifu alikuwa na sauti nzuri, akapanda ngazi ya maisha ya marehemu taratibu: meneja wa duka la ushirika, mwenyekiti wa kamati ya ulinzi wa mazao, mfanyabiashara, mfadhili wa kwaya. Kisha akasema, "Huyu ndiye aliyewaletea ndugu zetu wa Kibara bunduki, akawaokoa na viboko. Na hata pale mlinzi mmoja alipojiletea maafa kwa ulevi wake, marehemu hakukata tamaa." Waombolezaji wakaitikia kwa kuguna. Mbele yangu alikaa mama mmoja mwenye khanga iliyopauka, na yeye hakuguna. Alikuwa mjane wa huyo mlinzi. Alikuwa amepanda gari la samaki kutoka Kibara, akaja kumzika mtu aliyemzika mumewe mara mbili, mara ya kwanza kwa mwili na mara ya pili kwa jina.

Baada ya mazishi, mtoto mkubwa wa marehemu alinifuata kwa adabu, mikono nyuma. "Shikamoo mzee. Wewe ulifanya kazi na baba. Tunaomba umwandikie hata kidogo kwenye safu yako, watu wamkumbuke." Nilimwambia nitamwandikia. Huu ndio wasaa wenyewe, na kila nitakachosema nilikiona kwa macho yangu au kilisemwa mbele yangu.

Nilikuwa afisa wanyamapori wa wilaya, yule ambaye wazee walimwita Bwana Nyama tangu wakati wa ukoloni, na jina tukalirithi sisi tuliokuja baadaye. Ilikuwa ile miaka migumu, sabuni ikiwa habari ya mji na sukari ikiwa siri ya mtu. Marehemu alikuwa meneja wa duka la ushirika. Sitamwonea: mbele ya duka alikuwa mtu wa haki kabisa, akiwapanga watu kwenye foleni na kuwakemea wanaosukumana. Mlango wa nyuma ulikuwa na foleni yake, fupi na yenye heshima, na waliosimama huko hawakusukumana hata kidogo. Upepo wa mambo ulipogeuka, bidhaa zikaruhusiwa kuingia na kila mwenye jamaa ng'ambo akawa muagizaji, wengi wetu tulipata taabu kujifunza maisha mapya. Yeye hakupata taabu yoyote. Alitoka kwa mlango ule ule wa nyuma akiwa na lori.

Katika majira hayo viboko walikuwa wakipanda kila jioni kutoka ziwani, wakimaliza viazi na mahindi ya watu wa Kibara. Walinzi wa mazao walikuwa na magobole tu, yale ya kushindilia baruti kwa mdomo wa mtutu. Gobole kwa kiboko ni salamu tu. Wanakijiji wakachanga pamba, kibali kikapatikana, kamati ikaundwa, marehemu akawa mwenyekiti wake, nami mshauri. Tukaenda Mwanza kununua. Muuza silaha alitupangia bunduki tatu mezani, zote za komeo, yaani zile ambazo kila risasi unaivutia komeo kwa mkono. Ya kwanza ilikuwa ya kifahari, mti wake unang'aa kama kabati la bwana harusi, na haikuwa ya kijiji. Ya pili ilikuwa imetumika, bei yake ya kuvutia, lakini nilipoangalia ndani ya mtutu niliona mifuo, ile mistari inayoinyoosha risasi, imelika. Risasi yake ingekwenda inakotaka. Ya tatu ilikuwa mpya na ya bei nafuu, mti wake mbaya, chuma chake hakijasuguliwa vizuri, lakini mtutu ulikuwa safi na komeo lake liling'ata risasi na kuitema bila ubishi. Kasoro yake ilikuwa moja: kifyatulio kizito. Ilikubidi uvute kwa nia kamili.

Kabla ya kupokea bunduki yoyote nilikuwa na utaratibu ambao sikuwahi kuuacha. Naikoki bila risasi, naigonga kitako sakafuni, nasikiliza. Ikiwa jino la ndani, lile linaloishika pini, ni zima, hutasikia kitu. Niliigonga ile ya tatu mpaka mwenye duka akauliza kama nataka kubomoa nyumba. Ilikaa kimya. Nikasema, "Hii ndiyo bunduki nzuri ya mtu asiye na uwezo. Tuichukue."

Tuliporudi tulifanya majaribio nje ya mji wa Bunda, kwenye shimo la kuchimbia kokoto, debe tupu likawekwa ukingoni. Watu walijaa kama wamekuja mnadani. Mlinzi aliyechaguliwa na kijiji alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole, ambaye hata togwa ikikaa siku ya pili aliisukumia mbali. Alitia risasi, kisha akakigonga kitako ardhini, pu! Nikamwambia, "Mzee, hii haishindiliwi. Hayo ni mambo ya gobole."

Akacheka. "Bwana Nyama, mimi nimeshikaga gobole toka kwa baba. Usipogonga, baruti inakaaga ovyo. Mkono umezoea, unagonga wenyewe."

Marehemu alisimama karibu nasi, akasema kwa sauti ili umati usikie, "Mwache agonge! Labda anaiamsha." Watu wakacheka. Naomba msomaji aishike kauli hiyo. Mwenyekiti aliiona tabia ile kwa macho yake, akaifanyia mzaha kwa kinywa chake.

Mlinzi akalala kifudifudi, akavuta, debe likaruka. "Kizito," alisema akijifuta vumbi, "lakini ni kama ng'ombe wa jembe, ukimjua anaendaga." Ndipo mwenyekiti alipotaka naye kujaribu. Alivua koti, akampa mtu amshikie. Alivuta, akakaza uso, akavuta tena mpaka mtutu ukatikisika, risasi ikapiga kokoto mbali na debe. Akarudia, ikawa vile vile. Mama mmoja muuza dagaa akapaza sauti kutoka nyuma, "Mwenyekiti, debe hilo lipeleke mlango wa nyuma, utalipata!" Shimo zima likalipuka kwa kicheko. Hata mlinzi, mpole yule, alicheka. Nami nilicheka, na sitaomba radhi.

Marehemu hakucheka. Alitangaza hapo hapo kwamba bunduki ni mbovu na kifyatulio lazima kilainishwe. Tulikwenda pamoja kwa fundi bunduki wa Musoma, Mwislamu mmoja mtaratibu, aliyeifungua juu ya kitambaa cheupe na kutuonyesha. Alisema njia ni tatu: kuiacha kama ilivyo na kumzoesha mlinzi, ambaye tayari ameshaizoea; kuagiza kifyatulio kingine cha kiwandani, chenye skrubu ya kupunguza uzito, na kukisubiri; au kubadilisha springi peke yake, ambayo nayo ni ya kuagiza. "Na ukilisaga hili jino kidogo?" mwenyekiti akauliza.

"Hapana, bwana mkubwa. Jino siligusi."

"Kwa tupa ndogo tu?"

"Hata kwa ukucha. Leo itakuwa laini, utafurahi. Kesho itafyatuka mtu akipiga chafya." Akaifunga, akaturudishia. Nilidhani mambo yameishia pale. Nilipendekeza tusiongeze kitu, mwenyekiti akatikisa kichwa kukubali, nami nikakipokea kichwa kile kama jibu la mtu muungwana.

Sherehe ya kuikabidhi bunduki Kibara ilifanyika nikiwa Musoma kwenye mkutano wa mkoa. Mwenyekiti aliichukua kituo cha polisi, ilikokuwa imehifadhiwa, kwa mamlaka yake mwenyewe, na kabla ya kuifikisha Kibara akaipitisha kwa fundi cherehani mmoja wa Bunda, ambaye, kama alivyonieleza mwenyewe baadaye, alilipiga jino tupa mwenyekiti akiwa amemsimamia. Haikurudishwa kwangu kugongwa. Kwenye sherehe mwenyekiti alilenga chupa, akaipata, wakampigia vigelegele. Hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu kule shimoni.

Haukupita muda mrefu. Jioni moja, jua lingali juu ya ziwa, mlinzi alikwenda kwenye mashamba ya viazi pamoja na mwenzake. Aliona nyayo mbichi, akatia risasi, akakigonga kitako ardhini kama alivyofundishwa na baba yake, kama alivyofanya mbele ya mwenyekiti. Risasi ilipanda, ikamuua. Mwenzake alituambia mzee alikuwa akimnong'oneza asimame nyuma yake, asije akaumia.

Bunduki ililetwa kituoni. Mbele ya mkuu wa kituo na mbele ya marehemu niliikoki bila risasi, nikaigonga sakafuni polepole, kama mtu anayeweka kikombe. Tak. Mkuu wa kituo akaniambia, "Rudia." Tak. Nikaifungua, nikawaonyesha jino: liling'aa upande mmoja kama sarafu, alama za tupa bado ziko juu yake. Marehemu aliliangalia, akaniangalia mimi, akasema maneno ambayo nimeyabeba mpaka leo: "Bwana Nyama, bunduki hainywi gongo. Mtu ndiye anayekunywa."

"Huyu hakunywa."

"Ulikuwepo?"

"Wewe ulikuwepo alipogonga kule shimoni. Ulicheka."

"Umezeeka vibaya wewe," akasema, akavaa kofia yake.

Kwenye kikao cha kijiji alisema mlinzi alinuka pombe. Aliyemnusa hakutajwa. Mashahidi walikuwa watu waliopata chumvi na mabati kupitia kwake, na walinusa kwa pamoja. Fundi cherehani alikuwa amekwenda kuchimba dhahabu Buhemba, ghafla, kama walivyokwenda wengi. Niliandika maelezo yangu na kuyawasilisha panapohusika. Nilipouliza, niliambiwa yanashughulikiwa. Nilipouliza tena, nilihamishwa. Kijijini watoto wa mlinzi wakakua wakiitwa watoto wa mlevi. Binti yake mmoja alipoposwa, upande wa pili walituma mtu kuuliza kama ugonjwa wa pombe uko kwenye damu. Posa ikavunjika. Mwenyekiti, kwa upande wake, alinunua lori la pili.

Nimeyafikiri sana haya tangu nilipostaafu, maana mstaafu ana muda na hasira haihitaji posho. Tuliambiwa miaka ile kwamba kila kitu kilikuwa kizito mno: vibali vizito, taratibu nzito, ukaguzi mzito, na maofisa wa aina yangu ndio uzito wenyewe. Mengine yalikuwa kweli. Nimeona foleni za sabuni, siwezi kuzisifu. Lakini kuna uzito wa kutesa na kuna uzito wa kushika, na mtu mwenye haraka hautofautishi. Fundi yule wa Musoma aliutofautisha: springi ibadilishwe, jino liachwe. Waliotuongoza katika kulegeza mambo wengi wao walikuwa kama mwenyekiti wetu. Walitaka kulenga chupa mbele ya watu, kisha wakamkabidhi bunduki mtu mwingine aende nayo shambani. Na ilipofyatuka, walikuwa mbali, wakisema huyo alikuwa amelewa.

Sasa amekufa, na nimeombwa nimkumbuke. Namkumbuka. Namkumbuka akivua koti shimoni, namkumbuka akiuliza habari za tupa, namkumbuka akivaa kofia. Wapo watakaosema maiti hasemwi. Mlinzi wa Kibara naye alikuwa maiti aliposemwa, na aliyemsema alikula chakula cha matanga yake. Watoto wa marehemu sina ugomvi nao. Waliniomba kwa adabu, nami nimewapa baba yao kamili, tofauti na yule wa kwenye wasifu. Wakipenda waikate safu hii waitunze. Wakipenda waichome, nakala nyingine zimeshafika Kibara.

Siku ile ya mazishi, watu wakinawa mikono, mjane wa mlinzi alinikuta kando ya turubai. Nilimuuliza kwa nini amekuja. "Nilitaka kuona kama watalirudia neno lile la ulevi," alisema. "Wamelirudia, Bwana Nyama. Hata kwenye jeneza."

"Mama, unataka nifanye nini?"

"Sitaki kitu. Wewe unaandikaga. Andika."

Kwa hiyo fundisho langu leo ni fupi, na wenye madaraka walisome wakiwa wamesimama: anayetaka kifyatulio chepesi, aibebe bunduki yeye mwenyewe. Na kwa watu wa Kibara, wa Bunda, na wale waliokaa chini ya turubai Manyamanyama wakaguna, nawaandikia lile ambalo kikao kilikataa kuandika. Jino lilipigwa tupa kwa amri ya mwenyekiti. Mlinzi hakunywa.