Goti la Shangazi na Taa Mpya

Shangazi yangu alipotoka kijijini Masaki kuja kukaa nasi Kibaha, kila jioni aliketi karakanani kwangu, kando ya taa ya kufanyia kazi, akinisimulia habari za mikorosho yake. Nikaamini anapenda ufundi wangu. Siku moja nikang'oa balbu ya halojeni iliyokuwa ikimaliza umeme, nikafunga ya LED. Mwanga ukawa mweupe pee. Shangazi akaketi, akanyoosha goti lake bovu kuelekea taa, akasubiri.

“Mwanangu, taa yako imeharibika.”

“Mbona inawaka, shangazi?”

“Inawaka, lakini haikandi.”

Akajizoazoa, akaenda kukaa jikoni, karibu na jiko la mkaa. Nilijikaza kufanya kazi peke yangu, ukimya ukanishinda. Nikabeba kiti nilichokuwa nakitengeneza, nikamfuata.