Kuchambua Ukurasa Kama Majani Chai

Mwenye saiba, duka la kompyuta na intaneti pale Mogogosiek, dada mchangamfu wa kutoka upande wa ziwa, alinipa sharti moja tu. Kiti cha kando ya dirisha kilikuwa wazi, cha mtu wa kutengenezea wateja kurasa za mtandao, na mimi nilikuwa nakiota hata nikikamua ng'ombe.

"Omera, tengeneza ukurasa mmoja wa watu wa kweli," akasema, maana kwao kila kijana ni omera, ndugu. "Jumamosi tuuweke kwa mkaguzi. Ukipita bila kosa, kiti ni chako. Ukianguka, narudisha tangazo mlangoni."

Mkaguzi si mtu, ni tovuti. Unaibandikia msimbo, yale maandishi yenye alama alama ambayo kompyuta husoma ndipo ichore ukurasa, nayo inakuonyesha kwa rangi nyekundu ni wapi umekosea. Haikusalimii. Haiulizi mmeamkaje.

Shule niliachia kidato cha pili, msimbo nikajifunza kwa simu. Watu wa kweli niliokuwa nao ni kikundi cha akina mama cha kogo, nyanya yangu, wanaotengeneza mursik, maziwa yanayolala kwenye kibuyu mpaka yawe na heshima. Juu kabisa nikaweka picha ya kogo amekumbatia kibuyu kama mjukuu mpya. Chini yake historia ya kikundi, siku za kukutana, namna ya kusugua kibuyu kwa mkaa. Nikauangalia kwa simu, ukang'aa.

Ijumaa nikaupeleka kwa mkaguzi, kujijaribu tu. Wacha! Nyekundu. Nikashuka chini, bado nyekundu. Nikashuka tena, mkaguzi bado anateta.

Sasa, mimi ni mtoto wa majani chai. Kwetu ukifika kwenye banda la kuuzia unamwaga gunia, karani anatupa jicho, akiona jani kuukuu au kijiti anasema, "Chambua!" Unainama, unatoa, unatupa, mpaka yabaki laini peke yake. Sijawahi kuona mtu akirekebisha jani.

Basi nikachambua. Nikaanzia chini nikipanda. Mkaguzi akilalamikia mstari, mimi nafuta mstari. Siku za kukutana zikaenda. Historia ikaenda. Mkaa niliufuta huku nikisema pole. Nyekundu ikawa inapungua, nami naimba.

Likabaki kosa moja: picha ya kogo haina maneno. Kidole kikaenda kufuta, kikarudi. Nikajaribu kuangalia kando, kama mtu anayechinja kuku aliyempa jina. Ikanishinda. Nikazima simu.

Jumamosi kogo akasema hawezi kubaki nyumbani na sura yake iko saiba. Akaja na sweta ya kanisa, ingawa macho yake yana ukungu na kompyuta aliiona kama dirisha tu.

Mwenye saiba akaufungua ukurasa. Akashuka chini, akapanda juu: picha peke yake.

"Omera, mambo mengine yako wapi?"

"Nilichambua, madam."

"Ulifanya nini?"

Nikamweleza habari ya karani na gunia. Akalaza kichwa mezani, mabega yakatikisika. Nikadhani analia, nikamwambia asijali. Kumbe anacheka mpaka hewa imekwisha.

Nakala ya kwanza ilikuwa bado kwenye simu. Akaisoma, akaweka kidole chini kidogo ya picha. "Hapa ulifungua alama za kunukuu, hukufunga. Umeacha mlango wazi, kila anayeingia baadaye mkaguzi anamwona mwizi." Akabonyeza mara moja. Nyekundu yote ikatoweka, isipokuwa ile ya kogo.

"Na hiyo inataka nini?" kogo akauliza.

"Inataka maneno, mama. Ni ya wasioona. Kompyuta inawasomea picha ina nini."

Kogo akajivuta mbele. "Basi nisomee yangu."

"Haina kitu, kogo," nikasema polepole.

"Haina kitu! Na nilivaa vizuri hivyo! Andika: mwanamke mrefu."

"Kogo, wewe si mrefu."

"Kwani hao wasioona watanipima? Andika. Amebeba kibuyu. Meno yote yapo."

"Kogo!"

"Na ng'ombe wake yuko nyuma."

"Ng'ombe hayuko kwa picha."

"Yuko. Wewe ulisimama vibaya."

Niliandika yote, ng'ombe na meno. Mwenye saiba akamwachilia mkaguzi. Hakuna kosa. Kijani kitupu.

Nikasimama nikingoja.

"Nilisema ukipita," akasema. "Lakini hapa aliyepita ni huyu mama."

"Mimi nina ng'ombe wa kuangalia," kogo akajibu, tayari ananisukumia kitini. "Mkalishe huyu. Lakini kufuta, asiachiwe."

Nikakalishwa. Na wiki zile za kwanza nilifanya kazi kwenye kompyuta ambayo kitufe chake cha kufuta kilikuwa kimefunikwa kwa plasta ya kidonda.