Siku Tano Sikuitika

Watu wakiniuliza nilijifunzia wapi kuimba soul, wanataka nitaje kwaya. Kwaya! Kanisani kwetu Wang'uru mwalimu wa kwaya aliniketisha nyuma kabisa, ati ninapiga kelele. Mimi nilifundishwa na ndege.

Mpunga ukianza kukomaa, ndege wadogo huja makundi kwa makundi, na usiposhinda shambani hadi jua lizame, hutavuna kitu. Tulikuwa wawili tu nyumbani. Mama alisimama upande wa mfereji, mimi upande wa barabara. Aliita "Hoooi!" ndefu, ya kupanda na kushuka, nami nikaitika nikiipandisha zaidi, ndege wakaruka. Kufikia darasa la nane nilikuwa na pumzi nyingi kuliko mwanamume yeyote kanisani.

Nilipokuwa na miaka ishirini, bendi moja ya Nyeri iliyopiga soul hotelini iliachwa na mwimbaji wake. Mpiga kinanda wao alikuwa amenisikia kwenye harusi huko Kagio, akanipigia simu: njoo Ijumaa. Na Ijumaa hiyo, jamani, ndege walikuwa wamejaa shambani.

"Wewe enda, mami," Mama akaniambia. "Hawa ndege niko nao."

"Nitarudi Jumamosi asubuhi."

Niliimba, watu wakasimama wakipiga makofi, sifa zikanilevya. Nikaombwa Jumamosi, nikaombwa Jumapili, nikaombwa tena. Nililala kwenye chumba cha kukodi mtaa wa Majengo, hukohuko Nyeri, nikijidanganya kwamba Mama angepiga simu akizidiwa. Na ilhali namjua! Mama hakuwa mtu wa kuomba. Nilirudi Jumatano.

Nilimkuta ameketi kwenye tuta, shingo ameifunga leso. Hata salamu haikumtoka. Upande wa barabara, upande wangu, masuke yalikuwa matupu. Jirani yetu ndiye aliyenieleza, na hakunihurumia.

"Mama yako alikuwa anaita, halafu ananyamaza kidogo, kama bado uko pale. Halafu anaita tena. Siku tano."

Nililia mpaka nikatapika. Mama alinipapasa mgongo tu.

Sauti yake haikurudi. Baadaye daktari alisema ni uvimbe wa koo, kwamba ulianza zamani, kwamba kelele za shamba haziwezi kuuleta. Nilimshukuru. Sikumwamini, na hadi leo simwamini.

Nilirekodi wimbo wangu wa kwanza Mama akiwa amelazwa, hawezi tena kumeza hata uji. Nilienda nao hospitalini kwenye simu, nikaiweka karibu na sikio lake. Wimbo unaanza na mwito wake ule wa shambani, nimeuimba mimi. Mama aliposikia alifumbua macho. Akafungua mdomo, mishipa ya shingo ikamsimama. Hakuna kilichotoka. Lakini nilijua ameita, kwa sababu alinyamaza kidogo, akangoja, kama bado niko upande wa barabara.

Niliitika. Niliitika kwa pumzi yote aliyonipa, wodi nzima ikashtuka, muuguzi akaja mbio.

"Dada, kwani una shida gani?"

Mama alikuwa amefumba macho tena, mkono wake umenishika. Nilimwambia muuguzi anisamehe, nimechelewa.