Kulabu ya Nyumba ya Kondoa

Niliondoka Dodoma Jumamosi kwa sababu ya simu ya Shangazi Mwanaidi. Fundi wa silingi alikuwa amegoma kuendelea, naye Shangazi kagoma pia kuondoka sebuleni, na Mama Salma, mshonaji wa magauni ya harusi, alitaka jibu siku hiyohiyo. Vumbi linalodondoka kutoka kwenye bati likizibwa kwa silingi, anapanga sebule iwe mahali pake pa kushonea. Lisipozibwa, anachukua chumba kwingine, na nyumba ya babu inabaki bila mpangaji.

Saa mbili asubuhi basi lilitoka. Baada ya Chemba alizeti zilikuwa manjano pande zote, nami nikasinzia kwa raha, nikiamini kazi yangu ni ndogo: kumshawishi Shangazi aruhusu kulabu moja ya darini ikatwe ili silingi ipite.

Saa tano nikafika Kondoa. Shangazi alikuwa ameketi katikati ya sebule, chini kabisa ya kulabu ya chuma iliyopigiliwa kwenye boriti. Fundi Issa alisimama pembeni na ngazi yake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mwambie huyu ngazi aiweke kichwani kwangu."

"Tangu asubuhi hajainuka," Issa akasema. "Hata chai kainywea hapohapo."

Kwa asiyeijua nyumba hii, nieleze. Babu alinunulia mtama hapo, na magunia yalipimwa kwenye kulabu hiyo. Duka lilipofungwa, sebule ikawa kliniki, na mizani ya watoto wachanga ikaning'inia palepale. Kliniki ilipohama ikaja madrasa ya jioni. Kulabu ikabeba taa ya karabai.

"Na wewe Issa ulipimwa hapa," Shangazi akasema. "Ukamkojolea nesi."

"Mama, habari hiyo ingebaki kliniki."

Tulikuwa bado tunacheka Mama Salma alipoingia. Nikaanza kumwomba radhi kwa ajili ya kulabu. Aliitazama, akakizunguka kiti cha Shangazi.

"Nani kasema ikatwe?"

Issa akanitazama. Kweli, mimi ndiye niliyempigia simu nikamwambia kila kinachoning'inia kiondolewe.

"Gauni lenye mkia halipindwi mezani, huning'inizwa," Mama Salma akasema. "Kulabu hiyo ndiyo iliyonileta."

Shangazi akainuka, akakisogeza kiti ili ngazi ipite.

Alasiri nilipopanda basi la kurudi, ubao wa silingi ulikuwa umetobolewa tundu, kulabu ikichungulia chini. Ukipewa nyumba ya zamani uirekebishe, muulize aliyekaa humo kitu hiki kilifanya kazi gani, kisha muulize anayeingia atakifanyia nini. Ni maswali mawili mepesi, nami sikuwa nimeuliza hata moja.

Juzi Shangazi kanitumia picha. Gauni jeupe linaning'inia, naye ameketi kwenye kiti kilekile, pembeni kidogo.