Mama Asma na Kisima Kilichokataliwa Mara Mbili

Mwanahawa wa Kolo, ambaye kijiji kizima humwita Mama Asma, hajawahi kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu. Ukimletea bakuli la kunde, litarudi na karanga. Siku ambayo nyumba haina kitu atakuwekea hata chumvi, halafu akutazame usoni akingoja useme neno. Wanasema aliwahi kurudisha ungo wa jirani na kuku juu yake, kuku akataga njiani, na yai akalikabidhi pia. Mtu wa namna hiyo ukitaka kumtesa, mpelekee zawadi kila siku, kisha umnyime pa kupata ya kurudishia.

Ndivyo simu ilivyomfanyia.

Binti yake Asma ameolewa Makole, Dodoma mjini. Alipokuja kwa sikukuu ya Idi alimwekea mama yake mchezo kwenye simu, maana daktari alisema goti la mama lisilazwe, litembezwe. Unatembea, vidudu vya rangi rangi vinatokea kwenye kioo, unavitega. Sasa mchezo huo una vituo. Kituo ni mahali pa kweli, labda sanamu, labda kiwanja cha mpira. Ukifika hapo ukagusa kioo, unapewa zawadi yenye picha ya mahali penyewe, nayo si yako, ni ya kumtumia rafiki. Makole vituo vimebanana kama maduka, na Asma kila asubuhi alikuwa akimtumia mama yake zawadi. Kolo kijijini hakukuwa na hata kimoja. Kilichokuwa jirani kiko huko juu kwenye michoro ya miambani, walikiandikisha wageni, na goti la Mwanahawa lilijaribu kukipandia mara moja tu, likadai talaka kabla ya kufika.

Siku arobaini na tatu alipokea bila kurudisha. Ikafika mahali anafungua zawadi huku amejifunika uso kwa kanga.

"Mama, ni mchezo tu," Asma alimwambia kwenye simu.

"Bakuli ni bakuli."

"Basi andikisha kituo chako. Unapiga picha, unaandika maelezo, wachezaji wenye vyeo wanapiga kura. Wakikubali, Kolo inapata kituo."

Mwanahawa akachagua kisima cha zamani, kile chenye ukuta wa mawe. Ukuta ule ulijengwa kwa zamu, kila ukoo na safu yake, na mpaka leo watu wakiteka maji wanaoneshana: hii safu yetu, ile iliyopinda yenu.

Tabu ilikuwa picha. Kolo huwezi kupiga picha ya kitu watu wakiwepo ukawaacha nje. Ni sawa na kupakua chakula ukamruka mtu. Na kisimani watu hawakosekani. Simu ilipoinuliwa tu, wakajipanga. Mzee Yahaya, mzee kuliko wote pale, akaja kusimama mbele kabisa na fimbo yake.

"Shikamoo, mzee wangu. Naomba usogee kidogo, nakipiga kisima."

"Marahaba. Nipige nacho. Tumezeeka pamoja."

Ungemwambiaje tena? Akapiga. Wakatokea watu kumi na saba na punda mmoja aliyetabasamu kuliko wote, na kisima kikachungulia nyuma ya kanzu ya mzee Yahaya, kipande cha kutosha kiganja. Baada ya wiki mbili jibu likaja: imekataliwa, sura za watu zinaonekana.

Mwanahawa akakaa nalo siku nzima, akichambua mchicha. Kesho yake akamwendea Hasani, mwenye mashine ya kusaga, ambaye ana simu kubwa kama sahani.

"Shemeji, watu wa kisimani wanataka picha nzuri. Simu yangu inawafanya weusi wote."

"Mimi nipige picha, unga nani atasaga?"

"Aliyesema wewe ndiye fundi wa picha amekosea, basi."

Hasani akafuta mikono, akatoka. Akawapanga, akawapiga mara tatu. Kwa jua lile kioo hakionekani, ikabidi wote waingie kivulini mwa banda la mashine, lililo jirani na kisima, kujitazama. Huko ikawa kelele. Huyu kafumba macho, yule anadai kafichwa kusudi, mzee Yahaya anauliza kwa nini masikio yake yametoka makubwa hivyo.

"Hayo ni yako, mzee," Hasani akasema. "Simu haiongezi."

Kisima kikabaki peke yake, nadhani kwa mara ya kwanza tangu kichimbwe. Mwanahawa akakipiga kwa raha zake, mbele, ubavuni, na kila safu ya mawe.

Yakabaki maelezo. Kusoma na kuandika alijifunza ukubwani, na barua anajua inavyoandikwa. Akaandika: "Kwenu wapiga kura wapendwa. Asalaam aleikum, na Bwana asifiwe, kwa kuwa sijui dini zenu. Shikamooni mlio wakubwa. Sisi huku hatujambo isipokuwa goti. Mvua zilichelewa lakini mtama umetoka. Baada ya salamu, kisima ndicho hicho mnachokiona."

Kikakataliwa tena. Maelezo hayaelezi mahali.

"Uliandika nini, mama?" Asma akauliza kwenye simu.

Mwanahawa akamsomea yote. Mama anamjua mwanawe, alijua simu imezibwa kwa kiganja huko na mtu anacheka.

"Mama, toa salamu."

"Niingie kwa watu bila hodi?"

"Toa tu. Sema kisima ni cha nini, nani walikijenga, nani wanakitumia."

"Wataniona sina adabu."

"Hawatakuona kabisa."

Siku mbili alilisukuma neno hilo kooni na halikushuka. Siku ya tatu akaandika kavu: kisima cha kijiji, ukuta wa mawe uliojengwa na koo zote kwa zamu, watu huteka maji na kupeana habari hapa kila siku. Kabla hajabonyeza kutuma, akaiweka simu juu ya meza, akaiamkia kwa sauti, akaiuliza hali ya nyumbani kwao, ndipo akabonyeza.

Zikapita siku kumi na tisa. Ujumbe wa kukubaliwa ulimkuta anasonga ugali. Aliuacha jikoni, na wanaosema goti lilifika kisimani kabla yake hawajakosea sana. Akagusa kioo. Zawadi ikatoka, na juu yake picha ya kisima chao. Akamtumia Asma, akakaa ukutani kungoja, simu mapajani, wateka maji wakimzunguka na ndoo.

Simu ikaita.

"Mama, nimeipata. Ukuta wote umeonekana, mpaka safu yetu. Nimemuonesha mume wangu pale tulipokuwa tunakaa kungoja maji."

"Umefungua?"

"Nimefungua."

"Ndani mna nini?"

"Mitego mitatu na ndizi moja."

"Moja?" Mwanahawa akageuka kutazama kisima kama mtu aliyepunjwa sokoni. "Mko wawili hapo. Kesho nitawachagulia vizuri."

"Hazichaguliwi, mama. Unapewa tu."

"Huko kwenu Makole ndiko mnapewa tu," alisema Mwanahawa. "Hapa nitaongea na hao wanaogawa."