Firigisi ya Profesa

Daktari Abigail Mideva wa taasisi ya utafiti ya Shieywe alitumia miaka mitatu akiwapima wagonjwa kule Iguhu ili ajue namna virusi vya UKIMWI vinavyoharibu neva za miguu. Alihitaji makala moja tu yenye jina lake mwanzoni, la sivyo mkataba wake wa utafiti usingeongezwa.

Makala ilipokamilika, mkuu wake, Profesa Lumwachi, ambaye hakuwahi kumgusa hata mgonjwa mmoja, aliagiza jina lake yeye ndilo litangulie.

“Binti yangu, kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye boma,” alimwambia huku akicheka.

“Ni kweli, mzee. Lakini kuku huyu hukumfuga, hukumchinja, wala wagonjwa wale si boma lako.”

Mideva aliipeleka makala kwenye jarida bila jina la profesa. Ilichapishwa, naye akafukuzwa. Sasa anatibu mafua katika kliniki ndogo ya Lurambi, na wale wagonjwa wa Iguhu hawana wa kuwapima.

Juzi taasisi ilimfanyia profesa karamu ya kumpongeza kwa wingi wa makala zake. Aliandaliwa firigisi, akaila yote, akalamba vidole mbele yetu sisi wafanyakazi wa taasisi. Ni kinyaa kitupu.