Injini Mbili za Isaka

Isaka fundi alizaliwa kwenye kambi ya mkonge upande wa Korogwe, nyumba ya nne kutoka kwenye bomba la maji. Baba yake alitoka Songea kuja kukata mkonge miaka miwili, akakaa arobaini na mmoja. Mama yake, Rosa, alikuwa akianika singa, zile nyuzi za mkonge. Mtoto alikulia kwenye karakana ya matrekta kwa sababu pale palikuwa na kivuli. Hakuna aliyemfundisha kazi. Yeye alishika taa, wakubwa wakatengeneza, mpaka siku moja wakamwambia ashike spana, taa watashika wao.

Hayo kaniambia mwenyewe, naye si mtu wa kuongeza. Ni mtu wa kupunguza. Ukimuuliza habari za mkewe anakujibu, "Yupo."

Gereji yake iko Segera, nyuma ya wachoma mahindi, kwenye kiwanja cha mzee Raymond. Ina mabati sita na shimo la kuingilia chini ya gari. Shimo lenyewe lilikuwa la udongo mtupu, kila masika kingo zinabomoka, Isaka anachimba upya. Halalamiki. Anachimba.

Ana tabia moja ambayo mafundi wengine wanamcheka. Kila kifaa anachokifungua kwenye gari lako anakirudisha kwako, kwenye kiroba, jina lako kaliandika kwa mkaa. "Hiki ni chako, mama. Kitunze. Asije mtu kusema nimekiuza." Mimi kwangu Kwaluguru nina viroba vinne. Nilikuwa navyo vitano.

Sasa nieleze jambo lenyewe, maana watu wanalieleza vibaya.

Nina pikapu. Aliiacha marehemu mume wangu, Awadhi. Awadhi alifanya kazi kwenye mkonge, na shamba lilipokufa aliokota reli za vile vitoroli vilivyokuwa vinabeba majani, akazichomelea chini ya bodi ya pikapu, mbili ndefu na mbili za kukingama. Alisema gari bila chuma ni sahani. Kwa pikapu hiyo napandisha mahindi mlimani Mpale, nashusha ndizi. Dereva ni mkwe wangu, Athuman.

Salome wa Korogwe naye ana pikapu kama yangu, anafanya biashara ile ile, njia ile ile. Mwaka jana injini zetu zilikufa, yangu mwezi wa tatu, yake wa nne. Isaka akaenda Dar, akarudi na injini mbili za mtumba, aina moja, mzigo mmoja, zimefungwa kamba moja. Moja akamfungia Salome, moja akanifungia mimi.

Ya Salome ikapanda Mpale inaimba. Yangu ikafika kona ya pili ikasimama. Athuman akashuka, akaweka jiwe nyuma ya tairi. Siku ya pili ikasimama pale pale. Siku ya tatu jiwe lilikuwa linatungoja.

Nikajua nimeibiwa. Mtu akileta injini mbili, nzima na mbovu, nzima atampa nani? Atampa mwanamke wa mjini. Nilisema hivyo siku ya gulio, Segera, nimesimama katikati ya njia, na sauti yangu mnaijua. Nilisema Isaka ni mwizi.

Haikuisha wiki, magari matatu yakaondolewa gerejini kwake. Mzee Raymond akamwambia Isaka hataki maneno kwenye kiwanja chake: kama hajasafishika mpaka mwisho wa mwezi, ang'oe mabati yake.

Isaka akaja kwangu kwa bodaboda. Alikaa kwenye kigoda, akatazama miguu yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umeniletea injini yangu?"

"Injini yako iko ndani ya gari lako."

"Ile iliyomo ni ya nani?"

"Ni yako."

Mbuzi wangu akalia.

"Mama," akasema, "chukua mtu mmoja, mwenye nguvu zake. Mpandishe Mpale na kapu la mayai, amevaa kandambili. Kesho mtu huyo huyo mpandishe na gunia, na buti za askari. Atapanda sawasawa?"

"Mimi sikukuletea mtu. Nilikuletea gari."

"Nilikwambia siku ile, usibadilishe difu. Ukasema—"

"Najua nilichosema."

Nilichosema ni kwamba injini mpya haiwezi kuwekwa kwenye vitu vya zamani. Difu ni lile sanduku la meno kwenye ekseli ya nyuma, linalozungusha matairi. Nilitaka la kukimbia, nimpite Salome kwenye lami. Isaka alikuwa nalo moja, la gari la mjini. Na matairi nilitaka makubwa, gari lionekane. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu akafunga, maana mimi ndiye mwenye gari.

"Hayo ni maneno," nikamwambia. "Ng'oa injini ya Salome uniwekee mimi. Yangu mpe yeye. Gari langu likipanda, wewe mwizi."

"Na lisipopanda?"

"Litapanda."

Salome tulimkuta gerejini anakula muhindi. Nilidhani atakataa, nipate ushahidi. Akacheka mpaka punje zikamtoka.

"Mimi sina neno, dada Zamda. Ila gari langu likiishiwa nguvu, hizo ndizi utanibebea kichwani, na khanga yako hiyo nzuri."

"Nitabeba. Na wewe langu likishinda utanipikia."

"Aa, chakula changu utakila wewe? Kina chumvi ya watu wa mjini."

Isaka alifanya kazi siku mbili. Watu walikuja kutazama kama wamekuja msibani, wanakaa, wanaondoka, wanarudi na wenzao. Mzee Raymond aliweka kiti chake pale. Injini zikatoka, zikalazwa chini pamoja. Nilizikagua. Isaka alipiga rangi nyeupe kidogo kwenye ile ya Salome, ili asije mtu kusema zimechanganywa. Mtu huyo ni mimi.

Siku ya tatu tukaenda Mpale, magunia manane kila gari. Nilihesabu mwenyewe.

Salome akatangulia, na injini niliyoiita mbovu. Akapita kona ya kwanza, ya pili, ya tatu, anapiga honi. Tukamsikia hata tulipokuwa hatumwoni tena.

Athuman akafuata na ile yenye rangi nyeupe. Nilikaa mbele. Kona ya kwanza tukapita. Ya pili gari likaguna, likatetemeka, likasimama. Athuman akashuka, akaliokota jiwe. Lilikuwa lile lile.

Watu wa Mpale walikuwa wamekaa juu ya kingo za barabara, na hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka. Salome akashuka kwa miguu, akaja mpaka dirishani.

"Pole, dada. Injini yangu imekuharibia gari?"

Nikafungua mlango, nikashuka. Isaka alikuwa amechuchumaa nyuma, anatazama chini ya gari. Akaniita, si kwa sauti kubwa.

"Mama, ndani ya difu lako la zamani, shafti inayotoka kwenye injini inazunguka karibu mara tano ndipo tairi lizunguke mara moja. Kwa hili jipya inazunguka mara tatu na kitu. Kwenye lami utakimbia. Mlimani injini inabeba hatua ndefu kuliko miguu yake. Na matairi haya makubwa yamerefusha hatua tena. Na chini hapa umebeba reli za shamba zima. Salome hana hata moja ya hayo."

Nikainama, nikatazama.

"Lile difu la zamani nilikupa," akasema. "Liko wapi?"

"Lipo."

"Lipo wapi?"

"Nimefungia mbuzi."

Ni kweli. Lilikuwa zito, kamba ilikaa vizuri. Sikulitoa hata kwenye kiroba.

Akalifuata Kwaluguru mwenyewe. Alikuwa amelipaka grisi na kulizungushia nailoni tangu siku ile aliponipa, kana kwamba alijua litarudi. Akaliosha kwa dizeli, akalifunga. Akarudisha matairi ya kwanza. Alipofika kwenye reli alisimama.

"Hizi ni za marehemu. Nisizikate?"

Nikamwambia akate.

Tulipanda Mpale Jumatatu. Kona ya pili Athuman alipunguza mwendo, nadhani kwa mazoea. Gari halikusimama. Ndizi tulishusha kabla ya adhuhuri. Injini ilikuwa ile yenye rangi nyeupe, na mpaka leo ndiyo iliyomo.

Gulio ni Jumanne. Nikasimama pale pale katikati ya njia.

"Injini ni zile zile," nikasema. "Kasoro ilikuwa kwenye gari langu."

Mzee Raymond akatega sikio. "Kwa hiyo Isaka si mwizi?"

"Umesikia nilichosema."

"Sikusikia, Bi Zamda. Na hawa wachoma mahindi hawakusikia. Hebu tumia ile sauti ya siku ile."

Nikamtazama Isaka. Alikuwa anafuta spana, hakuinua macho. Mabati yake mawili yalikuwa yameshang'olewa, yameegemezwa ukutani.

Nikatumia ile sauti ya siku ile.

Sikuomba radhi zaidi ya hapo. Nilimwambia Athuman ashushe reli za Awadhi pale gerejini. Isaka amezilaza kwenye kingo za shimo lake, mbili ndefu huku na huku, mbili fupi za kukingama. Masika yamepita, halijabomoka. Kila gari linalotengenezwa pale linasimama juu ya reli hizo.

Siku hiyo nilipokuwa naondoka alinikimbilia na kiroba. Ndani lilikuwa difu la kukimbia, na jina langu kwa mkaa.

"Hiki ni chako, mama. Kitunze."

Nimefungia mbuzi. Nililitoa kwenye kiroba, na ni jepesi kuliko lile la kwanza, analiburuta mpaka kwenye maharage ya jirani.